Ngamia Juu ya Mkaratusi

Suruali zake zote za kazi ni nyeusi. Akiulizwa sababu husema ni utomvu na mafuta ya chenso, ule msumeno wa mashine, kwamba nyeusi inaficha. Jibu hilo ni la kweli, ndiyo maana limemfaa kwa muda mrefu. Zamani alikuwa akivaa za kaki. Alipoziacha hakuna aliyegundua, na yeye hakumwambia mtu kinachofichwa ni nini.

Kazi yake ni kukata miti kwa kuipanda. Mti ukilalia paa, ukigusa nyaya, au ukianza kukauka juu ya mahali watu wanapopita, huwezi kuuangusha mzima. Inabidi mtu apande kwa kamba na kuushusha tawi baada ya tawi, kuanzia kileleni mpaka kibaki kisiki. Mtu huyo ni yeye. Ni mwanamke mwembamba anayekaribia hamsini, mwenye mabega mapana kuliko kiuno, na ukimpa mkono wa salamu unahisi umeshika gome. Alifundishwa na mumewe. Alianza kwa kumshikia kamba chini, akaishia kuwa yeye wa juu. Mumewe alikufa kitandani, kwa ugonjwa wa ini. Kila anapomtaja hulisema hilo haraka, kana kwamba anahofia miti itasingiziwa.

Vifaa vingi aliachiwa na marehemu: kofia ngumu, kamba ya kurushia yenye kifuko cha mchanga mwishoni, karabina, zile pete za chuma zinazojifunga zenyewe, na mkanda wa kupandia. Mkanda huo una mshipi mpana wa kiunoni na mikanda miwili ya mapajani. Mtu hupanda kwa fundo linalobana kamba uzito ukiwa juu yake, na kulegea ukiliminya kwa vidole. Ukishafika unazungusha kamba fupi ya kiunoni kwenye shina, unaegemea nyuma, unafanya kazi kwa mikono miwili. Kwa mtazamaji wa chini ni kama umekaa kwenye kiti. Lakini kiti chenyewe ni ile mikanda ya mapajani, nayo hubana.

Alipomzaa kitinda mimba wake, ambaye sasa yuko sekondari, mtoto alikuwa mkubwa na uchungu ulikuwa mrefu. Baada ya hapo mwili wake haukurudi kama ulivyokuwa. Akikohoa, akicheka kwa nguvu, akivuta tawi zito, anavuja. Mwanzoni yalikuwa matone. Kadiri miaka ilivyokwenda hayakuwa tena matone, na juu ya mti, mkanda umebana na haja iko karibu, hakuna pa kukimbilia. Alikunja vitambaa vya pamba akavivaa. Alinunua suruali nyeusi. Suruali hizo alizifua mwenyewe alfajiri, akazianika ndani nyuma ya mlango, na binti yake akasema, "Mama, suruali zako zina siri gani hata jua lisizione?"

Mwishowe akagundua njia nyepesi zaidi, nayo ni kutokunywa maji. Siku ya kazi hakunywa hata chai.

Wa chini ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ni mtu mnene, tumbo linatangulia, sauti kubwa, na anaogopa kimo. Hata ngazi ya kubadilishia taa huipanda akiwa amefumba jicho moja. Kwa hiyo hubaki ardhini. Huongoza matawi yanayoshuka, hufukuza watu wanaotaka kupita chini, na hupandisha vifaa kwa kamba ndogo: msumeno, mafuta, chupa ya maji. Wote wawili walikuwa hawawezi kufanya kazi bila kutaniana. Ulikuwa kama mtindo wa kila mmoja kuhakikisha kwamba mwenzake yuko macho.

Chupa ya maji ilikuwa ikipanda imejaa na kushuka imejaa. Shemeji aliipima kwa mkono.

"Shemeji, wewe ni ngamia?" alipiga kelele. "Nundu umeificha wapi?"

"Nundu yangu ni wewe! Si nakubeba kila siku?"

Basi akawa Ngamia. Aliitwa hivyo mbele ya wateja na mbele ya watoto wake mwenyewe. Alicheka pamoja nao, kwa tahadhari, mapaja ameyabana. Ilimkaa vibaya moyoni kwamba kati ya majina yote duniani, yule mtu aliokota hilo hilo lililolala juu ya aibu yake, tena kwa mapenzi tu, bila kujua.

Kazi ya mkaratusi waliipata kwenye uwanja wa ofisi moja ya serikali. Ulikuwa mti mkubwa, umeoza upande mmoja, na chini yake wafanyakazi huegesha magari. Siku ya kwanza, kabla ya kuvaa mkanda, aliingia ndani kuomba choo. Sekretari alikuwa nyuma ya meza, ufunguo unaning'inia msumarini ukutani, umefungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee.

"Choo ni cha wafanyakazi," sekretari alisema, hakuinua macho. "Mafundi wanajua pa kwenda."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walimwangalia. Aliomba radhi, akatoka. Mafundi wanakwenda nyuma ya ukuta, na hilo ni rahisi kwa anayesimama tu. Hakuomba tena. Alichofanya ni kuanza kujinyima maji tangu jioni.

Siku ya tatu ya kazi hiyo jua liliwaka mapema. Alikuwa ameshaondoa kilele na matawi ya upande wa barabara. Alikaa kwenye panda ya juu, pale shina linapogawanyika, kamba fupi ameizungusha, akaanza kukata tawi lililoelekea madirisha ya ofisi. Katikati ya kukata alihisi ulimi umekuwa kitambaa. Mikono ikawa ya mtu mwingine. Alizima chenso, akaining'iniza, akajiambia apumzike kidogo tu. Kisha majani yote yakawa meupe.

Chini, shemeji aliita kama walivyozoea: "Juu!"

Mwito huo una jibu moja, "Sawa!" Jibu halikuja.

"Juu! Ngamia! Shemeji, acha mchezo!"

Alimwona ameinamisha kichwa, mikono imelegea, amebebwa na mkanda peke yake. Mlinzi wa ofisi alikimbilia simu kutafuta zimamoto. Watu wakajaa madirishani. Shemeji hakungoja. Marehemu aliwaachia sharti kwamba hakuna mti unaopandwa bila kamba ya pili kuning'inia mpaka chini, na kwamba wa chini lazima ajue kuipanda. Kujua alikuwa anajua. Alikuwa amefanya mazoezi kwenye mti mdogo, miguu ikikaribia kugusa nyasi. Alivaa mkanda wa akiba, ukagoma kufunga, akavuta pumzi, ukafunga. Akaweka ngazi, akaipita, akaingia kwenye kamba.

Mwanamke alipozinduka aliona kwanza uso wa shemeji ukiwa karibu mno na wake, wa kijivu, umelowa jasho. Hakuelewa uso huo unafanya nini juu ya mti. Kisha akahisi ubaridi wa suruali yake, toka kiunoni hadi magotini, akaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja.

 Kabla ya kumpa maji, kabla ya kumuuliza kama anasikia, shemeji alivua koti lake la kazi la buluu, huku mkono mmoja ukikumbatia shina, akalipitisha nyuma ya mkanda na kumfunga kiunoni, mikono ya koti ameifunga fundo mbele kama aproni iliyogeuzwa. Halafu akaifungua kamba fupi kwenye shina, akamkumbatia kwa ubavu, akawa analiminya fundo la kamba yake na la mwenzake kwa zamu, wakashuka pamoja, polepole, uzito wao umeegemeana. Waliokuwa madirishani waliona mwanamke aliyezimia akishushwa, ana koti kiunoni. Wengine walipiga makofi.

Mlinzi alimletea maji yenye sukari. Alipoinua macho kutoka kwenye kikombe, shemeji hakuwepo. Alikuwa amezunguka nyuma ya pikapu. Aliporudi alikuwa amevaa suruali ya mvua, ile ya plastiki ya kijani, na jua lilikuwa kali hata lami inalainika.

"Pole, dada," alisema, akiangalia magurudumu.

Dada. Hakuwahi kumwita hivyo. Hakumwita shemeji, wala Ngamia.

Aliyaweka hayo mawili pamoja, suruali ya mvua na lile neno, akapata jibu. Shemeji alikuwa amemkumbatia toka juu mpaka chini. Naye amemlowesha. Mtu wa watu amelazimika kuvua nguo zake nyuma ya gari kwa sababu ya mkojo wa mjane wa kaka yake, na sasa anamheshimu kama mtu anavyoheshimu mgonjwa asiyemtaka karibu. Njiani kurudi nyumbani shemeji aliendesha bila redio. Yeye alikaa juu ya mfuko wa plastiki, ingawa hakuna aliyemwambia.

Koti lilikuwa kwake. Alilifua, likakauka, akalifua tena. Kila alipotaka kulirudisha alilinusa kwapani, kiunoni, mikononi, na hata lilipokuwa halinuki kitu ila sabuni, hakuamini pua yake. Binti yake alimkuta hivyo, uso ndani ya koti.

"Mama, una nini?"

"Nakunja nguo."

"Baba mdogo amepita asubuhi, hakutaka kuingia. Anasema usijisumbue na ule mti. Anaweza kutafuta mtu wa kumalizia."

Alikaa kitandani. Aliyekuwa anasubiri kusikia hilo ni yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuweza hata kushangaa. Mume alimwachia watoto, vifaa na kazi. Watoto wamekua. Bila kazi ile hakujua angekuwa nani. Angeweza kumtafuta mtu mwingine wa chini, lakini angemweleza nini akiona chupa inashuka imejaa? Na huko juu unaning'inia kwa imani kwamba wa chini anakutazama. Sasa wa chini hamtazami.

Alitoa mkanda kwenye ndoana yake. Akaupangusa, akaukunja, akaweka karabina ndani ya soksi zisigongane, akaliweka koti juu. Akaenda nyumbani kwa shemeji.

Mke wa shemeji alikuwa uani akichambua mchele.

"Karibu, dada. Bora umekuja, uniambie huko kazini mlimfanya nini mume wangu."

"Amefanya nini?"

"Amekuwa bubu. Halafu siku ile ya mti kaingia hapa, kachukua beseni, kafua suruali. Mwenyewe! Tangu anioe hajafua hata leso. Nikamwambia leta, akanikemea kama mwizi."

Mwanamke alihisi uso unawaka. Hata mkewe hakutaka aone. Alipita na mzigo wake mpaka banda la nyuma, ambako shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mnyororo wa chenso umebanwa kwenye jiliwa, ananoa jino moja moja kwa tupa.

"Hodi."

"Karibu, dada." Tupa iliendelea.

"Dada yako ni nani?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Mimi na wewe tumelala tumbo moja lini?"

Shemeji alisimamisha tupa, lakini hakuinua kichwa.

"Nimekuletea koti. Na mkanda huu hapa. Huyo mtu wako atauhitaji."

"Mtu gani?"

"Wa kumalizia mti."

"Sina mtu," shemeji alisema. "Nilisema naweza kutafuta. Nilidhani wewe hutaki tena kufanya kazi na mimi."

"Mimi nisitake?"

"Baada ya kuona ulichokiona."

"Nimeona nini?"

"Shemeji, usinitese."

Alikuwa amelisema lile neno, shemeji, bila kujua. Mwanamke aliweka mzigo chini. Alitaka kumaliza jambo hili aondoke, na njia ya kulimaliza aliyoijua ilikuwa moja, kulisema.

"Nilikulowesha," alisema. "Najua. Nilikulowesha mpaka ukabadilisha suruali. Nisamehe. Nina tatizo hili miaka mingi, na nilidhani nisipokunywa maji…" Hakumaliza. Aliangalia mnyororo kwenye jiliwa, meno yaliyonolewa yanang'aa, yasiyonolewa bado meusi.

Shemeji alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wewe ulinilowesha mimi?"

"Basi, usilirudie."

"Shemeji. Mimi nilishalowa kabla sijakufikia."

Aliiweka tupa gotini.

"Pale kwenye panda ya kwanza," alisema, sauti imeshuka kama ya mtu anayetubu. "Nimetoka kwenye ngazi, nimeingia kwenye kamba, upepo ukapiga. Ule mti si unayumba? Nikaangalia chini. Nikaona kofia ya mlinzi, ndogo kama kifuniko cha soda. Shemeji, nilifungulia bomba. Mtu mzima na kitambi changu. Na wale wote dirishani. Nikajua tu wewe umezinduka, umeona, unanyamaza kwa heshima."

"Sikuona kitu."

"Hukuona?"

"Nilikuwa nafikiria yangu."

Kicheko kilianza kwake yeye, chini tumboni, mahali ambapo kwa miaka alikuwa amekizuia. Alikishika, kikamponyoka. Shemeji naye akaanza, mabega yakitikisika, tupa ikaanguka. Mwanamke alijishika ukingo wa meza.

"Usinichekeshe," alisema, machozi yanamtoka. "Nakuomba. Nitaharibu sakafu yako."

Hakuwahi kumwambia mtu sentensi ile. Ilitoka nyepesi kama nyingine yoyote, na papo hapo alihisi kwamba imeshatimia kidogo. Alikaa haraka kwenye gunia la maranda ya mbao. Aibu ilikuwepo, ile ile, ya moto masikioni. Ila sasa ilikuwa imekaa na mwenzake.

"Mnacheka nini huko?" mke aliita toka uani.

"Mambo ya kazi!" walijibu pamoja.

Wakati wa kuondoka, shemeji alimrudishia mkanda mikononi. Alimwomba jambo moja, kwamba asimwambie mkewe. Na akamwambia lingine, akitazama pembeni: kuna wauguzi, watu wamesomea mambo hayo.

Alikwenda kliniki. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka. Alimsikiliza bila kubadilisha uso, akauliza tatizo limeanza lini, na alipojibiwa akaweka kalamu chini. "Na miaka yote hiyo ulikuwa unamsubiri nani?" alisema. Akamfundisha mazoezi ya kubana na kulegeza, akamwambia yanahitaji subira, akampangia siku ya kurudi. Akamkataza kabisa kujinyima maji. Nje, kwenye benchi, kulikuwa na wanawake wengi, kila mmoja ameshika mkoba wake mapajani. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Walirudi kwenye mkaratusi. Alivaa suruali nyeusi. Alirusha kifuko cha mchanga, kikapita juu ya panda mara ya kwanza, akapanda. Tawi la madirishani lilikuwa bado pale, limekatwa nusu, jeraha limeshaanza kubadilika rangi. Alilimaliza, shemeji akaliongoza chini kwa kamba bila kugusa kioo.

"Juu!"

"Sawa!"

Kisha kamba ndogo ikatikisika, na chupa ikapanda.

"Ngamia! Maji hayo. Yakirudi, nakuja huko kuyachukua mwenyewe, na unajua kitakachotokea!"

Mlinzi alicheka bila kujua anacheka nini. Mwanamke alikunywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yana ladha ya plastiki, na alipoishusha chupa tupu, mwanamume yule wa chini aliigeuza juu chini hadharani ili yeye aone.

Kabla ya adhuhuri mwili ulidai haki yake. Alisita kidogo, mkono juu ya kamba. Kushuka katikati ya kazi na kupanda tena ni jasho, na kila mtu angetaka kujua sababu. Aliliminya fundo.

"Nashuka!"

"Umemaliza?" mtu aliuliza toka dirishani.

"Bado."

Alivuka uwanja akiwa na mkanda mwilini, karabina zikigongana kila hatua, kama mbuzi mwenye kengele. Alihisi macho yote mgongoni. Masikio yaliwaka, na miguu ilitaka kukimbia, akaikataza kwa sababu kukimbia kungeharibu kila kitu. Aliingia ndani. Benchi lilikuwa limejaa. Sekretari alikuwa anachapa, na ufunguo ulikuwa pale pale msumarini.

"Naomba ufunguo wa choo," alisema.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. Sekretari aliinua macho. Aliangalia kofia, kamba, vumbi la mbao kwenye nyusi, na mwisho akaangalia uso. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Nje, mtu mwenye sauti kubwa alikuwa akifukuza wapita njia: "Zungukeni huko! Fundi wangu anarudi sasa hivi!"

Sekretari alisimama, akautoa ufunguo msumarini, akampa.